Nguo ya Kuazima kwa Mwili wa Picha

Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo yaonekana Nakonde ya Zambia, na tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi hizi mbili hukagua mizigo katika kituo cha pamoja. Mfanyabiashara mwenye robota la mitumba au vitenge hana budi kulitaja, kulifungua na kulilipia ushuru. Lakini ipo nguo moja iingiayo kila siku Tunduma, Mlowo na Vwawa bila kupita forodhani. Haina uzi wala pindo, haifuliwi wala haichakai. Haivaliwi na mtu, bali huvaliwa na picha ya mtu.

Twazungumzia avata, yaani mwili wa picha ambao mchezaji hupewa katika michezo ya simu na kompyuta, ili atembee, akimbie na kupigana katika ulimwengu usiogusika. Neno hili asili yake ni Kisanskriti, na maana yake ni kushuka: kushuka kwa mungu duniani katika umbo la kuonekana. Siku hizi mambo yamegeuka. Ni kijana wa kidato cha tatu anayeuacha mwili wake juu ya benchi na kuingia katika umbo lililochorwa na mwingine.

Mwana wa dada yetu, mwanafunzi wa sekondari, alituonyesha umbo lake katika mchezo wa Free Fire, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Garena ya Singapore. Miili ya mwanzo katika mchezo huo iliitwa Adam na Eve. Mchezo hutolewa bure. Kinachouzwa ni mavazi, nywele, kofia na mapambo mengineyo, na sarafu ya kuyanunulia huitwa almasi. Koti la umbo la kijana wetu lilimeremeta kama moto wa tanuru. Yeye mwenyewe alivaa sare iliyopauka mabegani, na baada ya kumhoji sana alikiri kwamba nusu ya fedha ya mchango wa chakula cha shule ilikuwa imekwenda katika koti hilo. Tukamwuliza, "Mwanangu, koti hili kalishona nani?" Akajibu, "Mjomba, halishonwi. Linatolewa tu."

Linatolewa tu! Katika maneno hayo mawili umo ugonjwa wote tunaotaka kuupinga.

Wapo wazee wenzetu ambao dawa yao ni marufuku: simu zikusanywe, zichomwe. Sisi hatukubaliani nao. Taifa letu limekwisha kuijaribu njia hiyo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na tangu tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi zilipigwa vita katika jiji la Dar es Salaam. Nia ya kuulinda utu wa Mwafrika ilikuwa njema. Lakini wasichana walizomewa na kusumbuliwa njiani, na nywele za bandia leo zauzwa kila soko. Marufuku humfundisha kijana kujificha, haimfundishi kubuni.

Wapo pia wanaosema, "Mwacheni mtoto, ni mchezo tu." Hao nao twawapinga, tena kwa nguvu zaidi. Katika mchezo wa Fortnite, ambamo mavazi yanunuliwayo hayamwongezei mchezaji nguvu hata chembe, kampuni ya Epic Games ilipata zaidi ya dola bilioni 9 kwa miaka miwili tu, 2018 na 2019. Mwaka 2021 mkoba wa picha wenye chapa ya Gucci uliuzwa tena katika Roblox kwa thamani ya zaidi ya dola 4,000, bei kubwa kuliko ya mkoba wenyewe wa ngozi. Mkoba ule hauwezi kutiwa hata sindano, wala kutoka nje ya mchezo. Biashara ya namna hii si mchezo tu, na anayeilipia hali ya kuwa hajala mchana ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuliza maswali.

Tusieleweke vibaya. Kujipamba si dhambi, wala si tabia ya kuigwa kutoka ugenini. Katika nchi hii ya Songwe Wanyiha waliyeyusha chuma katika matanuru yao wenyewe, na pamba ilifumwa kuwa nguo tangu Unyiha hadi bonde la Rukwa na Ufipa, kabla ya nguo za kiwandani kuzifukuza. Pwani, mwanamke alipotaka kumjibu jirani yake alichagua khanga yenye jina lisemalo neno lake. Aliyepambwa alimjua fundi, na fundi alimjua aliyepambwa. Na khanga ya mama ilirithiwa na binti. Lakini kampuni ikiufunga mchezo wake, sanduku zima la kijana wetu latoweka, na mdogo wake hapati hata kifungo.

Sisi watunzi wa mashairi hatuogopi mipaka. Vina na mizani twavipokea kwa waliotutangulia, lakini maneno ni yetu. Kijana wetu huambiwa kwamba yu huru, kwa kuwa aweza kuchagua kofia moja kati ya mia. La hasha! Kuchagua katika kapu la mwenzio si uhuru, ni uteja. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hii haisitiri hata ikilipiwa.

Tena tulikumbuke jina la sarafu ile. Almasi za kweli ziligunduliwa Mwadui mwaka 1940, na jiwe la waridi lililopatikana huko mwaka 1947 likaenda kuwa pambo la Elizabeth wa Uingereza. Zamani tulitoa almasi ili wengine wapambwe. Leo watoto wetu watoa fedha ya chakula kununua almasi isiyo jiwe, ili wapambe mwili usio wao. Je, hayo ndiyo maendeleo?

Basi, walimu, kazi hii ni yenu. Tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza katika shule za sekondari. Mwanafunzi anayejifunza kukata kitambaa aweza pia kujifunza kukichora kwa kompyuta; programu ya Blender, ya kuchongea maumbo ya picha, hutolewa bure. Katika Roblox wabunifu wa nje ya kampuni huweza kuuza vitu walivyovitengeneza wenyewe, ingawa kwa masharti na ada za mwenye soko. Mlango ni mwembamba, lakini upo. Shule isiyo na kompyuta ianze na karatasi na penseli, kwa maana ubunifu ulikuwapo kabla ya umeme. Watoto wachore mishono ya mafundi cherehani wa Tunduma, wachore khanga na kuitungia jina.

Nanyi wanafunzi, hatuwaambii mzivunje simu. Twawaomba jambo moja. Kila mtakapotaka kulivisha umbo lenu, ulizeni kwanza: Nani kabuni? Nani analipwa? Mimi nimetia nini changu? Mkiona kwamba mlichotia ni fedha ya mzazi peke yake, wekeni simu chini, mshike penseli.