Mzazi Hachagui wa Kumlilia

Wako wasemao kwamba siku ya kuwakumbuka wanafunzi waliouawa vitani, haifai chuo kutaja jina la adui. Neno hilo ni la askari, si la mwalimu. Katika kanisa la New College, Oxford, mna majina ya wanachuo waliokufa katika vita vya 1914–1918. Na mwaka 1930 likaongezwa bamba la Wajerumani watatu, waliosoma hapo, wakarudi kwao, wakafa wakiipigania nchi yao. Je, Waingereza walivunjiwa heshima? Hata kidogo. Serikali humhesabu mfu kwa bendera yake. Chuo humhesabu kwa darasa alilokaa. Asimamaye kimya ukumbushoni akawalilia nusu ya wenziwe, huyo hajaomboleza: ameshangilia ushindi tu.