Hofu Haiponywi kwa Kejeli

Wako watu, pwani ya Ziwa Victoria, Homa Bay na Migori, wadhanio kwamba mtoto aogopaye maji hana budi kutupwa ziwani ili apate ushujaa. Rai hiyo ni batili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Naye kila akimbiapo hupata nafuu, na nafuu hiyo humfunza kukimbia tena. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, wa Marekani, alieleza jinsi mtoto mmoja alivyoponywa hofu ya sungura: mnyama alisogezwa kidogo kidogo, huku mtoto akila chakula akipendacho. Basi mwoga wa maji na aanze ufukoni pamoja na mkubwa wake, leo vifundoni, kesho magotini. Amchekaye humwongezea jeraha.