Keki haingoji umeme urudi: Uvira inahitaji ratiba ya delestaji

Mama wa Uvira anayepika gato za harusi, za ubatizo au za sikukuu ya diplome, akitumiwa mashine ya mikate na ndugu aliye ng'ambo, anaona mlango umefunguka. Mashine yenyewe ni kisanduku cha kuweka juu ya meza. Ndani mna chombo kama kindoo, na chini yake kijiko kinachozunguka. Unatia unga, sukari, mayai, mafuta na maziwa, unachagua programu ya keki, nayo inakoroga na kuoka yenyewe.

Wengine watasema kitu hicho si cha mji kama wetu. Mimi naona kinyume. Mashine hiyo inatufaa. Kinachoiharibia kazi si uchache wa umeme, ni umeme usiojulikana saa yake.

Tufanye hesabu. Mashine nyingi za aina hiyo zinatumia wati 500 hadi 700. Keki moja inachukua kama saa moja na nusu, tangu kukoroga mpaka kuiva. Hiyo haifiki kilowati moja ya saa nzima. Furu ya umeme ya kawaida inavuta wati 2000 au zaidi, na katika kartie ambamo nguvu ya umeme ni ndogo, haipati hata moto wa kutosha. Kwa nyumba ya Mulongwe au Kalundu, mashine ndogo ina akili kuliko furu kubwa. Inapunguza pia makala, ambayo kila gunia linakula faida ya mama na miti ya milima yetu.

Kuna la kuangalia mapema. Mashine iliyonunuliwa Marekani imetengenezwa kwa volti 120, na umeme wetu ni wa volti 220. Ukiichomeka hivyo hivyo, inaungua siku ya kwanza. Ndugu anayetaka kusaidia anunue ya volti 220, au atume na transforma yenye uwezo wa kuibeba.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Kwa Kifaransa tunaita vitu viwili kwa jina moja, levire. Levire ya mkate ni kitu chenye uhai, na inafanya kazi polepole. Umeme ukikatika wakati unga wa mkate unaumuka, mama anautoa, anausubirisha, anauoka juu ya mbabula, na hakuna hasara kubwa. Levire ya keki ni dawa ya unga. Ikikutana na maji tu inaanza kutoa hewa, na hewa hiyo ikitoka hairudi. Keki iliyoiva nusu ikikosa moto, inashuka katikati na kubaki nzito kama udongo. Na mashine nyingi, zikikosa umeme kupita dakika chache, zinasahau zilipofikia. Ukiwasha tena zinaanza mwanzo, na kile kijiko kinakoroga keki iliyokwisha kushika.

Kwa hiyo mama mwenye mashine analazimika kuweka makala tayari pembeni, ili delestaji ikimkuta amimine kwenye sufuria, aweke moto chini na juu ya kifuniko. Analipa umeme, analipa na makala. Ikishindikana, mayai na sukari vimekwenda, pamoja na unga wa ngano ambao haulimwi katika bonde la Ruzizi penye mpunga, muhogo na mahindi. Na mwenye harusi hatajali habari ya umeme. Atataka pesa yake, na safari nyingine ataagiza Bujumbura.

Jambo hili linauma zaidi tukikumbuka umeme wetu unatoka wapi. Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu pale Bukavu na kumwagika katika Tanganyika hapa kwetu, kati ya Uvira na Bujumbura. Ruzizi 1 inazalisha umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi 2, inayosimamiwa na SINELAC, kampuni ya Kongo, Rwanda na Burundi, ilizinduliwa mwaka 1989. Ruzizi 3 bado tunaingoja. Tunajua basi kwamba umeme hautoshi, na hakuna anayeidai SNEL ifanye muujiza.

Tunachoomba ni kidogo: ratiba. Kila mwanzo wa wiki, redio za mji zitangaze kila kartie itapata umeme siku gani na saa ngapi. Saa tatu zilizoahidiwa na kutimizwa zina faida kuliko saa kumi na mbili zinazokuja na kuondoka kama mwizi. Mama ataoka ndani ya saa zake. Hata fundi wa kuchomelea vyuma, kinyozi, mwenye mashine ya kusaga na anayegandisha samaki watapanga kazi zao.

SNEL inaweza kujibu kwamba nguzo ikianguka, hakuna ratiba ya kuzuia. Ni kweli. Lakini hitilafu ni jambo moja, na kuzungusha umeme kati ya makartie ni jingine. Anayezungusha anajua anampa nani na anamnyima nani. Ajuavyo yeye, na mteja ajue.

Wengine watauliza kwa nini tuzungumze keki katika mji wenye mafuriko, kolera na mabomba makavu. Kwa sababu kwa nyumba nyingi keki si anasa. Ni minerval ya mtoto na kodi ya nyumba. Na katika madai yote ya wakaaji wa Uvira, hili halihitaji saruji wala mkopo wa Benki ya Dunia. Linahitaji karatasi moja na mtu wa kuisoma redioni. Meya na mashirika ya raia wanaweza kulipeleka SNEL wiki hii.