Karani akague, kazi ya kila siku ifanywe na kompyuta

WAHENGA walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari la vyama vyetu vingi vya mazao limehamia ndani ya kompyuta, lakini tunaendelea kulitunza kwa mazoea ya daftari la karatasi: karani mmoja, kumbukumbu yake na nia yake njema. Nionavyo mimi, hapo ndipo tunapojiweka pabaya.

Nitoe mfano. Miaka michache iliyopita niliitwa kusaidia hesabu za msimu katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa huko Nyanda za Juu Kusini. Sitakitaja jina, kwa kuwa yaliyokipata yanaweza kukipata chama chochote. Pembeni mwa ofisi kulikuwa na kompyuta moja waliyoiita seva, yaani ile inayotunza kumbukumbu ambazo kompyuta nyingine za ofisini huzitumia. Ndani yake zilikuwamo kilo za kila mwanachama, pembejeo alizokopa na fedha alizokwisha kulipwa.

Kila jioni karani alitakiwa kunakili kumbukumbu hizo kwenye flashi na kuondoka nayo. Mwezi wa kwanza alifanya hivyo bila kukosa. Kahawa ilipopamba moto na foleni ya mizani ikawa inaisha usiku, kazi ya kunakili ikawa ya kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Siku diski ya seva ilipokufa, nakala ya mwisho ilikuwa ya siku 19 zilizopita.

Wanachama waliotunza stakabadhi walilipwa, ingawa kwa kuchelewa. Wasiokuwa nazo walitakiwa kuleta mashahidi. Mama mmoja mjane, ambaye stakabadhi zake zilikuwa zimelowa mvua, alikubaliwa nusu tu ya kilo alizodai. Yeye hakuweza kuthibitisha haki yake, na chama hakikuweza kuthibitisha kwamba anakosea. Ndiyo hasara ya kupoteza kumbukumbu: mwenye haki na asiye na haki wanasimama mstari mmoja.

Wengi walimlaumu karani. Mimi nililaumu utaratibu. Kazi inayofanana kila siku, isiyohitaji kufikiri na inayofanywa mwisho wa siku na mtu aliyechoka, ni kazi ya mashine.

Naomba nieleweke: sizungumzii kununua mtambo mpya. Kompyuta yoyote ya seva ina sehemu ambapo fundi huandika amri kwa maneno badala ya kubofya picha. Amri moja hunakili faili, nyingine hulibana ili lisijaze diski, nyingine huliwekea tarehe. Amri hizo zikiandikwa kwa mpangilio ndani ya faili moja, fundi huliita faili hilo skripti. Kompyuta ikiambiwa ilisome, huzitekeleza zote kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, leo kama jana.

Kisha kuna programu ndogo inayoitwa cron, ambayo kazi yake ni kuangalia saa na kuamsha skripti wakati ukifika. Ilianzia katika mfumo wa Unix, uliobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Leo inapatikana bure katika mfumo wa Linux, ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi nchini Finland. Wenye seva za Windows nao wana kipanga kazi chao ndani yake. Kwa hiyo kinachokosekana si chombo, ni uamuzi.

Sasa tupige hesabu. Katika chama kile nilipima muda ambao karani alitumia kunakili, kuandika tarehe, kulinganisha na kuchapa orodha ya siku. Ulikuwa kama dakika 40. Kwa siku 6 ni saa 4 kwa wiki, na kwa mwaka mzima ni saa 208, sawa na siku 26 za kazi. Huo ni karibu mwezi mmoja wa mshahara unaolipwa kwa kazi ambayo mashine ingeifanya kwa dakika chache. Diski mbili za nje na malipo ya fundi kwa siku mbili yangekuwa chini ya posho za vikao walivyokaa kusuluhisha ugomvi wa stakabadhi.

Wapo watakaosema huku ni kumnyang'anya karani ajira. Sikubaliani nao. Saa hizo 4 kwa wiki karani anazihitaji kwa kazi ambayo mashine haiiwezi: kulinganisha kilo za kwenye kompyuta na kitabu cha mizani, na kumsikiliza mkulima anayesema jina lake limekosewa.

Pamoja na hayo, mashine si malaika. Skripti iliyoandikwa vibaya hukosea kila siku, kwa uaminifu uleule. Kuna mitego minne ambayo wajumbe wa bodi wanapaswa kuifahamu hata kama si mafundi.

Mtego wa kwanza ni saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri, kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Fundi akiagizwa kazi ifanyike saa mbili usiku akaandika 2, kompyuta itaifanya saa nane usiku. Alitakiwa kuandika 20.

Mtego wa pili ni umeme. Cron haifidii kazi iliyopitwa na wakati. Umeme ukiwa umekatika saa hiyo, kazi ya siku hiyo imekwenda. Ipo programu nyingine, anacron, ambayo hufanya kazi zilizokosekana kompyuta ikiwashwa tena. Njia rahisi zaidi ni kupanga kazi mchana, wakati ofisi ipo wazi na watu wanaona.

Mtego wa tatu ni diski ya nje isiyochomekwa. Kwa kawaida skripti ikishindwa mstari mmoja, huendelea na unaofuata isipokuwa fundi ameandika amri ya kuisimamisha. Tena, diski isipokuwapo, skripti inaweza kuweka nakala ndani ya folda tupu ya seva ileile na kutangaza kwamba kazi imekamilika. Nakala ipo, lakini imekaa nyumba moja na mali inayolindwa. Moto ukija, vyote vinaungua.

Mtego wa nne ni ukimya, na huu umewanasa hata wakubwa. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia watayarishaji wa programu kazi zao, ilipata msiba. Mtaalamu wao mmoja, akihangaika na tatizo usiku, alifuta folda ya kumbukumbu katika seva kuu akidhani yupo katika seva ya pili. Walipokwenda kwenye nakala za kila siku, wakakuta kazi ya kunakili ilikuwa ikishindwa, kwa sababu programu ya kunakili na programu ya kumbukumbu zilikuwa za matoleo tofauti. Barua pepe za kuonya kwamba kazi imeshindwa zilikuwa zikikataliwa njiani, hivyo hakuna aliyejua.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtaalamu huyohuyo alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine. Kumbukumbu za saa hizo 6 hazikurudi. Kampuni ilieleza yote hadharani, jambo la kupongezwa. Somo lake kwetu ni kwamba mashine kufanya kazi yenyewe hakumaanishi mtu asiangalie.

Kwa mantiki hiyo, skripti itume ujumbe kila siku, si siku ya tatizo peke yake. Ujumbe mfupi kwa meneja na kwa mweka hazina unaotaja tarehe, ukubwa wa faili na idadi ya wanachama waliomo unatosha. Siku ujumbe usipokuja, hiyo ndiyo kengele. Nakala nazo zisikae mahali pamoja. Mafundi wana kanuni nzuri: kumbukumbu ziwe katika nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na angalau nakala 1 iwe nje ya jengo.

Kubwa kuliko yote, nakala ijaribiwe. Mkulima hasemi ana mbegu nzuri kwa kuwa gunia limejaa ghalani. Huchukua punje kadhaa akaziotesha aone. Vivyo hivyo, mara moja kila mwezi nakala irudishwe kwenye kompyuta nyingine, majina 10 ya wanachama yachaguliwe, na kilo zao zilinganishwe na stakabadhi za mkononi. Zikilingana, mna nakala. Zisipolingana, mmegundua mapema, kabla ya malipo.

Jambo la mwisho ni la umiliki. Skripti ni maandishi ya kawaida, na mara nyingi hutosha ukurasa mmoja. Ichapwe, kila mstari uelezwe kwa Kiswahili, na iwekwe katika kabati la chama. Maneno ya siri yasiandikwe humo. Yafungwe katika bahasha chini ya mwenyekiti. Nimeona fundi akiondoka na chama kikabaki kama mtu aliyenunua nyumba bila kupewa funguo. Utaratibu uliomo kichwani mwa mtu mmoja, awe karani au fundi, si mali ya chama.

Wafanyabiashara wadogo mnaokopesha bidhaa na kuandika madeni kwenye kompyuta ya duka, haya yanawahusu pia. Deni lisilo na kumbukumbu ni zawadi kwa mdaiwa.

Ndugu mwanachama, hukatazwi kuuliza kwa kuwa hukusomea kompyuta. Katika mkutano mkuu ujao simama uulize maswali matatu. Nakala ya mwisho ya kumbukumbu zetu ni ya tarehe gani? Ipo wapi hivi sasa? Lini mara ya mwisho mliirudisha mkaona inasomeka? Bodi ikijibu yote matatu bila kutazamana, kaa chini uendelee na ajenda. Ikishindwa, omba swali lako liandikwe kwenye muhtasari, na stakabadhi zako uzihifadhi pakavu.