Nauli ya Jioni na Ridhaa ya Abiria



Jioni mjini Mombasa, wafanyakazi na wanafunzi wanaporejea makwao kwa wakati mmoja, nauli ya matatu hupanda. Mvua ikinyesha, hupanda zaidi. Je, hiyo ni biashara au ni dhulma?

Tumtendee haki mwenye gari kwanza. Gari lijaalo asubuhi likielekea mjini hurudi na viti vitupu, na mchana hungoja abiria stejini. Saa chache za msongamano ndizo zibebazo gharama za siku nzima. Kwa hivyo nauli kutofautiana si ajabu. Treni za London hutoza zaidi siku za kazi, saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi, na saa 10 hadi saa 1 jioni. Singapore ilitumia upole: kuanzia 2013 hadi 2017, aliyefika kwa treni vituo vya katikati ya mji kabla ya saa 1:45 asubuhi hakulipa kitu.

Katika dini yetu, bei zilipopanda Madina, Mtume (s.a.w.) aliombwa azipange, akakataa kwa kuchelea kumdhulumu mtu katika mali yake. Hadithi hiyo wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Hata hivyo, wanazuoni kama Ibn Taymiyya walibainisha kwamba dhiki ya watu ikigeuzwa mtego, mwenye mamlaka ana haki ya kuingilia.

Basi tofauti iko wapi? Abiria wa London aijua nauli tangu jana, naye aweza kuchagua saa nyingine. Mama aliyebeba mtoto, adhana ya Magharibi ikikaribia, akitajiwa nauli mpya mlangoni, hana la kuchagua. Na biashara ya halali hujengwa juu ya ridhaa.

Tuwaombe viongozi wa vyama vya matatu waandike mlangoni nauli zote mbili na saa zake, na ile ya mchana ishuke kikweli, imfae mama aendaye kliniki au sokoni. Nasi tuulize nauli kabla ya kupanda, na safari zisizo na haraka tuzipeleke mchana. Vikundi vya akina mama vikilisema jambo hili kwa sauti moja na kwa adabu, litasikika, inshaAllah.

Wabillaahi tawfiq.