Mcheza kwao hutuzwa, lakini je, hutunzwa?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, tukawaeleza wanafunzi maana yake ya nje na ya ndani, kisha tukawatahini. Mimi mwenyewe nimeifundisha mara nyingi. Hata hivyo, nakiri kwamba sikuielewa barabara hadi Agosti 2024, siku nilipokutana ana kwa ana na mwanamuziki niliyempenda tangu utotoni.

Nilikuwa nimekwenda Kamukuywa, katika Kaunti ya Bungoma, kwenye barabara itokayo Kitale kuelekea Webuye. Ulikuwa msimu wa tohara, kwani Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti, kila mwaka unaogawika kwa mbili. Njia zilijaa wavulana waliokuwa wakitikisa njuga na kuwaalika jamaa zao, huku umati wa waimbaji ukiwafuata nyuma. Kando ya duka moja, kwenye benchi, alikuwa ameketi mzee mmoja, litungu lake la nyuzi saba likiwa limeegemezwa ukutani. Vijana walikuja wawili wawili, wakasimama kando yake, wakapiga picha kwa simu zao, wakaenda zao. Nilimtambua papo hapo. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa hakunituma kulitaja.

Sauti ya mzee huyu niliijua kabla sijajua kusoma. Baba alikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira, na matangazo ya Kiluhya yalipoanza sote tulinyamaza. Baadaye, nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu kuhusu lugha ya nyimbo za Kibukusu, nilinunua kaseti zake mjini Kitale, nikanukuu nyimbo zake kumi na moja, nikazichambua neno kwa neno. Kumtafuta mwenyewe hakukunijia akilini. Nilimhesabu kuwa data.

Nilimwendea nikiwa na kicho cha mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mulembe, papa," nilimwamkia. Nikamweleza kwamba nilikua nikimsikiliza, na kwamba nyimbo zake ndizo zilizonipatia shahada ya udaktari.

"Kumbe nina daktari wangu!" akasema kwa furaha. "Basi nitazamie mguu huu. Unaniuma tangu Machi."

Nikamfahamisha kwamba udaktari wangu si wa kutibu.

"Ni wa kufanya nini?"

Swali hilo, wasomaji wapenzi, nimeulizwa na maprofesa nikalijibu kwa saa mbili. Pale Kamukuywa lilinishinda. Mzee akaniuliza tena kama jina lake limo katika kitabu changu. Nikasema limo, katika orodha ya kaseti, kurasa za mwisho. Akatikisa kichwa polepole.

"Sikasiriki, mwanangu. Naona fahari. Ila ningeambiwa."

Kisha akanisimulia kisa kingine. Mwalimu wa shule fulani alikuwa amemjia alasiri tatu mfululizo ili awafunze watoto nyimbo mbili za mashindano. Mzee aliwafunza, akawarekebishia hata mabega katika kucheza. Watoto walishinda. Habari za kombe alizipata kwa mjukuu wake. Malipo yake yalikuwa soda na mkate.

Nimeusimulia mkutano huu kirefu kwa sababu naamini unafichua kasoro iliyo katika namna tunavyowapenda wasanii wetu. Niruhusuni nianzie kwenye lugha, kwani ndiko niliko na nyenzo.

Methali niliyoanza nayo husikika kwa namna mbili: wengine husema "hutuzwa", wengine "hutunzwa". Kitenzi "tunza" kina maana mbili. Maana ya kwanza ni kuangalia, kulea na kuhifadhi, kama mtu atunzavyo mtoto au shamba. Maana ya pili ni kumpa zawadi mchezaji au mwimbaji aliyefurahisha hadhira. Hapo hukaribiana kabisa na "tuza", kitenzi tulichopata kwacho neno "tuzo". Katika taarabu ya pwani ya Afrika Mashariki jambo hili huonekana waziwazi: msikilizaji aliyeguswa na beti huinuka kitini, huenda mbele akicheza, humkabidhi mwimbaji noti mbele ya watu wote. Huko ndiko shabiki hukutana na msanii wake, na hakutani naye mikono mitupu.

Yaani lugha yenyewe iliweka zawadi na malezi katika neno moja. Aliyemtuza msanii alikuwa pia anamtunza, kwa sababu zawadi ya leo ilikuwa chakula cha kesho, na chakula cha kesho kilikuwa wimbo wa kesho kutwa. Sisi wa leo tumeyatenga mambo haya mawili. Tunatuza kwa makofi na picha. Kutunza tumewaachia watu wasiojulikana.

Kuna watakaoniambia kwamba kazi hiyo sasa ni ya sheria. Ni kweli kwamba sheria zipo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya tamaduni zao, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mtunzi maishani mwake na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Marekebisho ya 2022 yaliagiza kwamba katika mapato ya nyimbo ambazo mpigaji simu huzisikia akisubiri kujibiwa, mwenye hakimiliki asipate chini ya asilimia 52.

Lakini sheria hufika pale tu penye karatasi. Mzee wa litungu hana mkataba, wala wimbo wake haukuandikishwa popote. Anayemuuzia kijana nyimbo kwa kumjazia kadi ya simu pale kituoni hamwekei hesabu. Hata walioandikishwa hawajawa na raha: mwaka 2019 wanamuziki wengi walilalamika hadharani baada ya chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, kuwagawia wanachama kima kimoja kisichofika shilingi 3,000. Isitoshe, ulinzi wa rekodi yenyewe, tofauti na ule wa utunzi, hudumu kwa miaka 50 tangu sauti iliponaswa. Kwa hiyo rekodi nyingi za miaka ya 1960, zilizowachezesha wazazi wetu, zimekwisha kutoka katika ulinzi huo.

Tumkumbuke Daudi Kabaka, aliyefariki mwaka 2001. Wimbo wake "Helule Helule" ulivuka bahari, ukaimbwa na kundi la Waingereza liitwalo The Tremeloes mwaka 1968, ukaingia miongoni mwa nyimbo 20 bora za Uingereza. Haki ya utunzi wake ingali hai kisheria hadi mwaka 2051. Lakini ni wanafunzi wangapi wa muziki au wa Kiswahili waliomaliza shule wakijua kwamba wimbo huo ulitungwa na Mkenya? Msanii ambaye jina lake limesahauliwa hawezi kudaiwa haki yake na mtu yeyote, hata sheria ikiwa nzuri namna gani.

Mfano wa kinyume tunao. Mwaka 1950, Hugh Tracey alinasa nyimbo za Wakipsigis. Mmoja wao uliimbwa na wasichana waliomsifu Chemirocha, na jina hilo si jingine ila la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, aliyekufa mwaka 1933, ambalo ndimi za Kikipsigis zililifinyanga upya. Wasichana wale walikuwa mashabiki wa mtu wasiyeweza kukutana naye kamwe, wakamtuza kwa kumpa makao katika lugha yao. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 2014, maktaba iliyozihifadhi, kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha Ukipsigis, na baadhi ya waimbaji wale, sasa wakiwa wazee, wakapatikana na kusikilizishwa sauti zao za ujanani. Wahenga hawakukosea: kawia ufike.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kila mwaka maelfu ya wanafunzi hupanda majukwaani wakiimba nyimbo za jamii zao. Nyimbo hizo hazitoki hewani. Nyuma ya wimbo yupo mzee au bibi aliyemfunza mwalimu. Je, itatugharimu nini kumtaja jukwaani kwa jina lake, kumtengea fungu katika bajeti ya safari kama tunavyomtengea dereva wa basi, na kumwalika aketi mstari wa mbele siku watoto wanapoimba? Nanyi wanafunzi mnaokusanya fasihi simulizi kwa ajili ya miradi yenu, andikeni jina la msimulizi penye ukurasa wa kwanza, muombeni idhini, na mkimaliza mpelekeeni nakala. Hayo hayangojei Bunge.

Nasema haya nikiwa mkosaji wa kwanza. Desemba iliyofuata nilirudi Kamukuywa nikiwa na tasnifu yangu, kinasa sauti kipya, na bahasha ambayo ilichelewa miaka mingi. Mzee aliniomba nimsomee ile sura ya nyimbo zake. Nilimfasiria ukurasa baada ya ukurasa, naye akawa anaitikia. Tulipofika wimbo wa saba, ambao niliuchambua kwa kurasa nne kama wimbo wa safari, alinikatiza.

"Huo si wa safari," akasema. "Niliutunga tulipomzika kaka yangu."

Kurasa nne, wasomaji wapenzi, zilizopitishwa na watahini watatu! Mtu mmoja tu ndiye angeweza kunisahihisha, naye alikuwa ameketi wakati wote huo kwenye benchi lake, mwendo wa matatu moja kutoka Kitale, akingoja kuulizwa. Kumtunza msanii, basi, si sadaka tunayompa. Ni namna ya pekee ya kujua anachotuambia. Litungu lingali linapigwa Kamukuywa. Tusingoje hadi mwenyewe awe orodha ya kaseti katika kurasa za mwisho.