DAR MPAKA LOS ANGELES SIYO DAR MPAKA MWANZA, MUACHENI JAMAA APUMUE!

Tangu wikiendi iliyopita mitandaoni ni povu tu. Staa mmoja mkubwa wa Bongo Fleva kaenda kupiga shoo Los Angeles, kapanda jukwaani, kaimba nyimbo nne, sauti imekauka, kashuka. Klipu zikasambaa. Wapo waliosema kalewa, wapo waliosema kaishiwa, na timu ya upande wa pili ikapata pa kuchekea wiki nzima.

Sasa wadau, kabla ya kumchamba mtu, tupige hesabu kidogo.

Dar kwenda Los Angeles hakuna ndege ya moja kwa moja. Ukipitia Dubai, kipande cha kwanza ni kama saa 5 na nusu hewani. Cha pili ni kama saa 16, umekaa kwenye kiti tu. Jumla ni zaidi ya kilomita 17,000, na dunia nzima ukiizunguka ni kama 40,000. Hapo hujaweka muda wa kusubiri kuunganisha ndege, foleni ya uhamiaji na foleni ya barabarani.

Jamaa aliposti picha akiwa uwanja wa ndege Dar Ijumaa jioni. Akatua Jumamosi mchana, na usiku huohuo saa 4 anatakiwa jukwaani. Los Angeles kipindi hiki iko nyuma ya Dar kwa saa 10. Maana yake, yeye anaambiwa "piga kelele LA!" wakati mwili wake unajua ni Jumapili saa 2 asubuhi na haujalala kitandani siku mbili. Madaktari wanasema mwili unahitaji kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ili ukae sawa. Yeye kapewa saa chache tu.

Halafu kuna koo. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno. Wewe ukishuka unakohoa tu, unaendelea na maisha. Mtu anayekula kwa sauti yake, hiyo ni hasara.

Lakini staa naye asijifanye malaika. Yeye na meneja wake ndio waliotamba "leo Bongo, kesho LA" kama vile wanakwea pipa kwenda Mwanza, saa moja na nusu umefika. Promota naye kabana matumizi, kakwepa kulipia hoteli siku mbili zaidi. Aliyeumia ni Mbongo wa kule, anayepiga shifti za usiku, akatoa dola zake akaone mtu wa nyumbani, akapewa nyimbo nne.

Huyo ndiye wa kuombwa radhi, na siyo kwa "nawapenda sana" ya Insta. Mkataba ujao uandikwe wazi: msanii afike angalau siku mbili kabla. Kama promota hawezi kulipia hizo siku, basi hana hela ya shoo hiyo. Na staa ajifunze kukataa.

Kiki unaweza kuipata ndani ya saa moja. Kilomita 17,000 zina muda wake.

Haya, nani alipe hapo: staa, meneja au promota? Tiririka hapo chini, matusi weka pembeni.